Programu imekuja, makarani sita tubaki wawili?

SWALI

Mshauri, salaam nyingi.

Mimi ni karani wa malipo katika kampuni ya ukubwa wa kati. Tuko sita, wanne wa ajira ya kudumu na wawili wa mkataba wa muda. Kwa mwezi tunapokea ankara 3,000 hivi kutoka kwa wauzaji. Tunazikagua, tunazilinganisha na oda na hati za kupokelea mzigo, tunaziingiza kwenye mfumo, kisha tunaandaa malipo. Kuikagua na kuiingiza ankara moja hutuchukua kama dakika nane.

Sasa uongozi umenunua programu inayosoma ankara yenyewe. Aliyeiuza anaahidi kwamba 85 kati ya kila ankara 100 zitapita bila kuguswa na mtu. Tumeitwa kikaoni tukaambiwa kuwa baada ya majaribio watabaki makarani wawili, na wengine "watapangiwa mengine". Mengine gani, hakuna aliyesema. Mimi nimeambiwa pembeni kwamba nitakuwa mmoja wa hao wawili, nitaitwa msimamizi wa programu, kwa mshahara uleule. Nimepewa na karatasi ya kusaini. Halafu sote tumetakiwa tuandike kila tunachokifanya ili programu "ijifunze kutoka kwetu".

Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema tusiandike hata mstari mmoja. Wapo wanaosema mashine hazijawahi kumaliza kazi duniani, tutulie. Meneja anasema ufanisi ukipanda tutafaidika wote, lakini mimi nikipiga hesabu ya mishahara minne itakayookolewa, sioni palipoandikwa kuwa hata sehemu yake itarudi kwetu.

Naomba unijibu matatu. Kweli kazi ya watu sita inaweza kufanywa na wawili na programu? Ile karatasi nisaini au nisisaini? Na mdogo wangu anajiandaa kuanza masomo ya uhasibu. Nimwache au nimzuie mapema?

Karani wa Malipo

JIBU

Ndugu Karani,

Tuanze na hesabu, kwa sababu inaelekea aliyepanga idadi ya wawili hakuifanya. Ankara 3,000 kwa dakika nane ni dakika 24,000, sawa na saa 400 kwa mwezi. Watu sita, kila mmoja akiwa na saa 160, wana saa 960. Maana yake ni kwamba kazi ambayo programu imenunuliwa kuifanya haifiki hata nusu ya muda wenu. Saa 560 zilizobaki mnazitumia kupokea simu za wauzaji wanaodai, kulinganisha taarifa zao na leja, kuandaa malipo, kufunga hesabu za mwezi na kusaka hati ambazo wakaguzi wanazitaka leo hii hii. Programu ya kusoma ankara haigusi hata moja kati ya hizo.

Sasa chukua ahadi ya 85 na uiamini yote. Zitabaki ankara 450 za kushughulikiwa na watu, na hizo hazitakuwa za dakika nane tena. Zilizo rahisi zitakuwa zimeshaondoka; zitakazokuja mezani ni zile zenye oda isiyolingana, mzigo uliofika nusu, karatasi iliyofifia. Zipe dakika 12 kila moja, upate saa 90. Kutoka saa 400 hadi 90, mmeokoa saa 310: kazi ya watu wawili kasoro kidogo. Miezi ya mwanzo, programu ikiwa haijazoea sura za ankara za wauzaji wenu, ni salama zaidi kukadiria kuwa zitapita 60 kati ya 100. Hapo foleni ya zinazosubiri mtu ina ankara 1,200, saa 240, na mlichookoa ni saa 160, yaani mtu mmoja. Anayeondoa watu wanne anaondoa saa 640. Hata siku ahadi itakapotimia kikamilifu kutakuwa na pengo la saa 330 kila mwezi, na pengo hilo litazibwa na jioni za hao wawili pamoja na subira ya wauzaji.

Jibu la swali la kwanza, basi: hapana, kwa takwimu ulizonipa. Lakini dakika 12 ni kadirio langu, na meneja ana haki ya kulikataa. Pima lenu.

Upimaji wenyewe ufanyike kwa wiki mbili, na moja kati yake iwe ya kufunga mwezi, la sivyo mtapima utulivu. Kila karani awe na jedwali lenye safu tano: kazi aliyoifanya, mara ngapi, dakika ngapi, kama inafuata kanuni inayoandikika au inahitaji uamuzi, na nini hutokea ikikosewa. Safu ya nne ndiyo yenye thamani. "Nilipiga simu ghalani kuuliza kama mzigo umefika kweli" ni uamuzi, hata kama ulichukua dakika mbili. Watu wengi huandika "kuingiza ankara, saa sita" kwa siku nzima na kujifutia wenyewe nusu ya kazi yao, kwa kuwa ndani ya hizo saa sita kulikuwa na simu kumi, muuzaji aliyebadilisha bei, na oda mbili zilizofunguliwa kimakosa. Andikeni vipande vidogo vidogo.

Hapo umeshajua msimamo wangu juu ya wenzako wanaotaka kukaa kimya. Kunyamaza hakuizuii programu, kwa kuwa sehemu kubwa ya inachojifunza inatoka kwenye ankara za zamani na namna zilivyoingizwa, ambazo tayari zimo kwenye mfumo. Kunachompa mwajiri ni sababu ya kuwachukulia hatua za nidhamu, wakati leo hana. Andikeni, ila maandishi yawe yenu pia: kila mwongozo ubebe jina la aliyeuandika na tarehe, kazi ya kuuandika ihesabiwe ndani ya saa za kazi, na kila mmoja abaki na orodha ya miongozo aliyoiandaa. Orodha tu; nakala za hati za kampuni usitoke nazo.

Wapi programu za namna hii hukosea? Hugeuza picha kuwa maandishi, kisha hukisia lipi ni jina la muuzaji, ipi ni namba ya ankara, ipi ni jumla. Herufi O husomwa sifuri. Ankara moja ikiletwa kwa barua pepe na tena kwa karatasi, huku ikiwa na namba 0457 na kule 457, kinga ya malipo ya mara mbili inaweza isishtuke, maana kwake hizo ni ankara mbili. Nukta na mkato hubadilishana kazi: 1.250 ya muuzaji mmoja ni elfu moja mia mbili na hamsini, programu ikaisoma moja na robo. Hati ya marejesho, inayotakiwa kupunguza deni, huingia kama ankara na kuliongeza, kwa kuwa alama ya kutoa ilikuwa mabano tu. Na lipo lile la barua nzuri yenye nembo inayosema muuzaji amehamia akaunti nyingine ya benki. Programu inaweza kuisoma barua hiyo bila kukosea herufi, na pesa zikaenda kwa tapeli. Kinga yake ni mtu kupiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu tangu zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Makosa yanayoingia kwenye foleni hayana hatari, maana mtu atayaona. Hatari iko kwenye yale yanayopita kimya. Asilimia moja tu ya ankara 2,550 zinazopita zenyewe ni ankara 25 zenye kosa kila mwezi, bila jicho lolote kuziangalia. Kwa hiyo kila wiki chota ankara 50 kwa bahati nasibu kati ya zilizopita, zikaguliwe kwa mkono, makosa yaandikwe. Usichague zenye thamani kubwa. Hizo wakubwa huziangalia hata hivyo, na makosa ya namba hayachagui ukubwa. Kwa dakika tano kila moja ni saa nne na ushei kwa wiki, na saa hizo nazo ziingie kwenye hesabu ya watu wanaohitajika.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa programu hawapendi kulizungumza kikaoni. Kila kitu kilichosomwa hupewa alama ya uhakika, na upo mstari: kilicho juu yake hupita, kilicho chini huenda foleni. Mstari huo huwekwa na binadamu. Ukishushwa kutoka 95 hadi 80, ankara zinazopita zitaongezeka siku hiyohiyo na ahadi itaonekana imetimia, ilhali programu haijajifunza chochote. Takwimu ya zilizopita isikubaliwe peke yake. Iambatane na ya makosa yaliyokutwa kwenye sampuli, na kila mabadiliko ya mstari yaandikwe: nani, lini, kwa idhini ya nani. Majaribio yapite katika ufungaji wa mwezi usiopungua mara mbili, watu wote sita wakiwa bado wapo. Kampuni ikipunguza watu kwanza ndipo ijaribu, haitakuwa na cha kulinganishia.

Ukitaka hoja moja ya kumfikia mkuu wa fedha, achana na huruma, nenda kwenye mgawanyo wa majukumu. Anayesajili muuzaji na kubadilisha akaunti yake asiwe anayeidhinisha ankara. Anayeandaa malipo asiwe anayesuluhisha taarifa ya benki, yaani anayeilinganisha na vitabu vyenu. Hayo ni majukumu manne. Kwa watu sita mgawanyo huo unawezekana hata mmoja akiwa likizo. Kwa wawili ni mgumu hata wote wakiwapo, na mmoja akiugua, yule aliyebaki anaweza kufungua muuzaji hewa na kumlipa mchana huohuo. Mkaguzi yeyote wa nje ataliandika hilo kwenye ripoti yake.

Sasa kuhusu anayesema mashine hazijawahi kumaliza kazi. Mfano unaopendwa ni mashine za kutolea pesa. Katika miji ya Marekani, kati ya mwaka 1988 na 2004, wastani wa makarani wa kaunta kwa kila tawi la benki ulishuka kutoka 20 hadi 13, lakini matawi ya mijini yaliongezeka kwa asilimia 43, hivyo ajira hazikuporomoka. Mwanauchumi James Bessen ndiye aliyeueneza mfano huo, na ni wa kweli. Angalia lakini kilichoziokoa kazi zile: tawi lilipokuwa rahisi kuendesha, benki zilitaka matawi zaidi. Je, kampuni yenu itapokea ankara nyingi zaidi kwa sababu tu kuzishughulikia kumekuwa rahisi? Haitapokea. Idadi ya ankara inafuata manunuzi. Kazi hupona pale ushukaji wa gharama unapoongeza hamu ya kazi ileile, na idara yenu haiko hapo. Kwa hiyo usitulie kwa mfano wa benki.

Na meneja anayesema tutafaidika wote? Huenda, ila swali ni lini na kwa njia gani. Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen alikokotoa kwamba Uingereza, kati ya mwaka 1780 na 1840, wakati viwanda vya mashine vinaenea, uzalishaji kwa kila mfanyakazi ulipanda kwa takriban asilimia 46 na mshahara halisi kwa takriban asilimia 12 tu. Miaka 60 ni zaidi ya maisha ya kazi ya mtu. Karibu na wakati wetu, Daron Acemoglu na Pascual Restrepo walichunguza roboti za viwandani Marekani kati ya 1990 na 2007, wakakuta kwamba kuongezeka kwa roboti moja kwa kila wafanyakazi 1,000 kulishusha mishahara kwa asilimia 0.42. Faida ilikuwepo, haikuwa na njia ya kufika kwa waliokuwa wakifanya kazi hizo. Tena kuna mashine zinazomwondoa mtu bila kuongeza uzalishaji wa maana, kwa kuwa sehemu ya kazi imehamishiwa kwa mteja au kwa muuzaji wa bidhaa. Hizo ndizo mbaya kuliko zote kwa mgawanyo wa kipato: mshahara umeondoka na keki haikukua. Iangalieni programu yenu kwa jicho hilo. Ikiwa "ufanisi" wake unatokana na kuwalazimisha wauzaji wajaze fomu wenyewe, semeni hivyo.

Njia ya kufikisha faida hutengenezwa kwa makubaliano, na muda wake ni kabla mashine haijawashwa. Makuli wa bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, kupitia chama chao kilichoongozwa na Harry Bridges, walisaini mwaka 1960 mapatano na waajiri wao. Waliacha kupinga mitambo na makontena. Waajiri nao waliweka dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu, kwa ajili ya kuwalipa waliostaafu mapema na kuwahakikishia kipato waliosajiliwa kikamilifu. Vibarua wasio na usajili huo waliachwa nje ya dhamana. Nakutajia hilo kwa sababu ya wale wenzenu wawili wa mkataba wa muda. Mkienda mezani wanne bila wao, uongozi utawaondoa hao kwa kutohuisha mikataba, utahesabu kuwa "hakuna aliyefukuzwa", kisha utarudi kwenu.

Kama mna chama cha wafanyakazi, barua iende kupitia kwao. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu kwa sababu za kiteknolojia awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema na kushauriana nao juu ya namna ya kuepuka au kupunguza madhara. Si kila nchi imeuridhia, na sheria za notisi na malipo ya kuachishwa hutofautiana, kwa hiyo mtu wa chama au wakili wa kazi aangalie sheria yenu kabla hamjaandika lolote lenye kutaja haki.

Karatasi yako. Usiisaini kama ilivyo, wala usiikatae. Irudishe na barua fupi inayosema unaipokea nafasi kwa moyo mmoja na unaomba yafuatayo yaandikwe kabla ya kusaini. Kwanza daraja na mshahara: ankara kwa kila karani zitatoka 500 hadi 1,500, na juu yake kuna usimamizi ambao hukuwa nao. Mshahara kubaki palepale maana yake tija yako yote mpya imekwenda kwa mwenye kampuni, na hiyo ndiyo tofauti ya kipato ikizaliwa mbele ya macho yako, bila haja ya kitabu. Pili, malipo yenye kosa la programu yatahesabiwa kwa nani? Hili usilipuuze. Msimamizi asiye na mamlaka ya kuubadilisha ule mstari wa uhakika lakini anayewajibika kwa kilichopita ni mtu aliyewekwa hapo apokee lawama. Omba mamlaka ya kusimamisha malipo, au uondolewe wajibu. Kimoja kati ya viwili. Tatu, mafunzo yafanyike saa za kazi, na kwa gharama ya mwajiri. Nne, programu ikiachwa au nafasi ikifutwa ndani ya miaka miwili, masharti yako ya kuachishwa yahesabiwe kwa utumishi wote, pamoja na miaka ya ukarani. Watu husaini nafasi mpya wakidhani ni mwendelezo, kumbe karatasi inasema ajira imeanza upya. Soma tarehe ya kuanza ajira kwenye hiyo karatasi leo.

Wakikukubalia mawili kati ya manne, la wajibu likiwa mojawapo, na tarehe ya ajira ikiwa haijaguswa, mimi ningesaini. Wakikataa yote manne umejifunza mapema kwamba nafasi hiyo ni ya muda, na utaanza kutafuta ukiwa bado na mshahara.

Kwa wanne ambao huenda wataondoka: wajaze lile jedwali la wiki mbili kwa uangalifu kuliko mtu yeyote, maana ndilo wasifu wao wa kazi. "Karani wa ankara" haimvutii mwajiri mpya. "Nimesuluhisha taarifa za wauzaji kila mwezi na kushughulikia migongano ya oda na mzigo" ni jambo linalotafutwa hata na kampuni zenye programu hizo. Kozi za wikendi zinazoahidi kumgeuza mtu mwandishi wa programu ningezipita. Badala yake ajifunze kuvuta na kuchambua data kwa jedwali la kompyuta na kwa lugha ya kuuliza hifadhidata (SQL). Inaendana na anachokijua tayari.

Mdogo wako aendelee, ila mtaala usomwe kabla ya ada kulipwa. Programu ya jedwali la kompyuta ilipotoka mwaka 1979, kazi ya kujumlisha safu kwa mkono ilikwisha, na waliojua kuuliza maswali juu ya safu hizo wakahitajika zaidi. Basi hesabuni saa za masomo. Ikiwa sehemu kubwa ni kuandika kumbukumbu na kuingiza data, tafuteni chuo kingine. Ikiwa kuna ukaguzi, kodi, udhibiti wa ndani na uchambuzi wa data, na kuna mazoezi ya kazini kwenye ofisi ambayo tayari inatumia programu kama yenu, alipe. Na akifika kwenye mazoezi hayo aombe kukaa kwenye foleni ya zilizokataliwa, hata kama wengine watakimbilia kwenye meza tulivu.